Alumini Itoke Kwenye Kuta za Kasoli

Kuna wizi unaofanyika mchana kweupe, kwenye kaunta ya duka, mbele ya macho ya anayeibiwa. Mnunuzi hutoa fedha yake halali, hukabidhiwa roli la waya lenye gamba zuri la kung'aa, huambiwa ni shaba tupu, kisha huondoka akishukuru kwamba amepunguziwa bei. Wiki inayofuata fundi huuvuta waya ule ndani ya paipu, plasta hupigwa juu yake, rangi hupakwa, na familia hulala. Ndani ya waya ule shaba ni ngozi tu. Chini ya ngozi ni alumini. Na alumini hiyo, katika nyumba yenye magunia ya pamba chumbani, ni moto uliowekwa akiba.

Naandika kuhusu Kasoli kwa sababu hapa hatari hii ina sura yake yenyewe. Kata hii ya Wilaya ya Bariadi imo katikati ya nchi ya pamba. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, lakini pamba ilikuwapo kabla ya mkoa, na ndiyo iliyojenga nyumba za bati, ikalipa ada za shule, ikanunua ng'ombe. Pamba mbegu haitoki shambani ikaenda moja kwa moja kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Huchumwa kidogo kidogo, huletwa nyumbani, hurundikwa chumbani ikingoja msimu wa ununuzi ufunguliwe mwezi Mei, na baada ya hapo hungoja foleni, hungoja fedha, hungoja gari. Wiki kwa wiki nyuzi zile kavu hulala zimeegemea ukuta. Kwenye ukuta ule kuna soketi. Nyuma ya soketi kuna waya. Basi swali la waya ule umetengenezwa kwa nini si swali la mafundi peke yao. Ni swali la mavuno ya mwaka mzima na uhai wa watoto waliolala chumba cha pili.

Umeme umekuja vijijini kwa jasho la taifa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimefika mahali ambapo wazee wetu hawakudhani zitafika. Gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini ikashushwa hadi shilingi 27,000. Ni jambo jema, na sitamruhusu mtu alidharau. Lakini shilingi 27,000 humfikisha mwananchi kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani, kila kitu ni juu yake: waya, swichi, soketi, paipu, meni swichi, nondo ya ethi, ufundi. Hapo ndipo gharama kubwa ilipo, na hapo ndipo serikali humwachia mkono mtu ambaye hajawahi kununua waya maishani mwake. Akisimama dukani na orodha aliyoandikiwa na fundi, hana cha kumlinda ila maneno ya muuzaji. Mwizi wa waya amelijua pengo hilo siku nyingi.

Tazameni faida yake. Tani ya shaba katika soko la dunia huuzwa kwa bei ya mara tatu, na mara nyingine zaidi ya mara nne, ya tani ya alumini. Juu ya hilo, shaba ni nzito kuliko alumini zaidi ya mara tatu kwa ujazo uleule. Kwa hiyo waya wa unene mmoja na urefu mmoja ukitengenezwa kwa alumini, madini yaliyomo ni kama sehemu ya kumi tu ya thamani ya shaba ambayo ingepaswa kuwamo. Unauvika shaba nyembamba ili akiuangalia mteja aone wekundu, unauza kwa bei iliyo chini kidogo tu ya bei ya waya halali, na tofauti yote inaingia mfukoni. Huo hauwezi kuitwa unafuu. Mkulima ameuziwa sehemu ndogo ya alichokilipia, na akaongezewa hatari ya kuungua.

Niseme wazi kwamba siichukii alumini. Ukiinua macho hapo barabarani, nyaya zote ndefu zinazopita juu ya nguzo kuja Kasoli ni za alumini, na hata waya unaotoka nguzoni kuja kwenye mita mara nyingi ni alumini. Zinafanya kazi vizuri miaka na miaka. Ni nyepesi, nguzo hazielemewi, na wanaoziunga wana viunganishi vilivyotengenezwa kwa madhumuni hayo, vya kubana alumini na shaba bila kuziacha zigusane ovyo. Unene wake umepigiwa hesabu kwa ajili ya alumini. Hata waya wa alumini uliovikwa shaba una kazi zake halali, kama zile za antena. Kosa linaanza pale waya huo unapouzwa kama shaba, kwa kipimo cha shaba, ukafungwa kwenye soketi iliyotengenezwa kwa ajili ya shaba, na fundi aliyezoea shaba, au asiyejua lolote.

Sasa niwaeleze kinachotokea ndani ya ukuta, maana anayelijua hili hatakubali tena kudanganywa.

Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 61 tu ya shaba. Waya wa soketi kwa kawaida ni wa milimita 2.5 za mraba, na wa taa ni wa 1.5. Ukiweka alumini ya 2.5, nguvu yake ya kubeba umeme inakuwa kama ya shaba ya 1.5. Ngozi ile ya shaba inaongeza kidogo sana. Maana yake, mwenye nyumba amelipia waya wa soketi, amefungiwa kitu chenye uwezo wa waya wa taa, na meni swichi yake imewekewa breka ya waya wa soketi. Breka ile itaruhusu umeme ambao waya hauwezi kuubeba, nayo itakuwa inafanya kazi yake sawasawa kama ilivyopangwa. Na hapo nimechukulia kwamba mtengenezaji hakuiba unene. Aliyekudanganya madini anashindwa nini kukudanganya kipimo?

Lakini waya wenyewe si mahali pabaya kuliko pote. Pabaya ni pale unapofungwa. Alumini ikikutana na hewa hujivika ganda gumu lisilopitisha umeme, na hujivika tena kila ukilikwangua. Ikipata joto hutanuka kwa theluthi moja hivi zaidi ya shaba, na ikipoa husinyaa. Kila mtu akipiga pasi, waya unatanuka chini ya skrubu; akizima, unasinyaa. Tena alumini ni laini: ikibanwa kwa skrubu hukubali kuminywa, ikatiririka polepole pembeni kama haitaki kukaa, mpaka skrubu iliyokazwa kwa nguvu mwaka jana inabaki imelegea bila mtu kuigusa. Ongeza unyevu wa masika mahali alumini inapogusana na shaba au skrubu ya madini mengine, na kutu yake inaanza kula. Siku moja ile sehemu ya mguso, iliyotakiwa isiwe na ukinzani wowote wa maana, inakuwa na ukinzani wa nusu omu.

Nusu omu ni kitu kidogo sana kwenye karatasi. Lakini jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 huvuta ampea karibu 9. Ampea 9 zikipita kwenye nusu omu huzaa joto la wati 40, na wati 40 ndizo zinazotosha chuma cha kulehemu cha fundi redio kuyeyusha risasi. Joto hilo limekaa kwenye ncha ya skrubu moja, ndani ya kiboksi cha plastiki, ukutani. Gamba la PVC la waya wa kawaida limetengenezwa kuhimili nyuzi 70 za Selsiasi. Linalainika, linakuwa jeusi, linapasuka. Cheche zinaanza.

Na breka haitakata! Naomba hili lisomwe mara mbili, kwa sababu ndipo watu wengi wanapojipa amani ya uongo. Breka hukata umeme ukizidi kiwango, au ukipigwa shoti. Katika mguso uliolegea umeme haujazidi chochote. Ni ampea 9 zilezile za jagi la maji, kiasi halali kabisa. Breka haioni joto lililoko kwenye soketi ya chumbani. Inaona mkondo wa kawaida na kutulia. Swichi ya kukata umeme unaovuja nayo haina habari, maana hakuna kinachovuja. Nyumba inaweza kuungua huku kila kifaa cha kinga kikiwa kizima. Baadaye litatamkwa lile neno tulilolizoea, hitilafu ya umeme, na hakuna atakayeuliza hitilafu hiyo aliinunua nani, wapi, kwa shilingi ngapi.

Nimesimama nyuma ya fundi mmoja, mtu mwenye leseni na subira, akifungua soketi katika nyumba ya mama mmoja hapa Kasoli. Uso wa soketi ulikuwa na doa la rangi ya chai kuzunguka tundu moja. Fundi akauliza, "Mayu, hapa hujasikia harufu?" Mama akajibu, "Nasikia kama samaki anaungua, mwanangu. Jioni hasa. Nikadhani ni majirani wanakaanga." Fundi akazima meni swichi, akapima kwa testa, akalegeza skrubu mbili. Waya uliotoka ulikuwa na gamba lililokauka na kukunjamana kwa urefu wa kidole. Akaukwangua kwa kisu. Wekundu ulitoka na kisu, ukabaki weupe mtupu. Akaukunja mara chache, ukakatika mkononi. Mama alikaa kimya, kisha akasema jambo ambalo fundi na mimi hatukuwa na jibu lake: alilipia shaba. Hatua mbili kutoka kwenye soketi ile palikuwa na marobota ya pamba yaliyofungwa kwa shuka.

Harufu ile ya samaki ni dalili ya kweli. Plastiki za vifaa vya umeme zikipata joto hutoa harufu ya namna hiyo kabla moshi haujaonekana. Taa inayofifia kila pasi inapowashwa, soketi yenye uvuguvugu ukiigusa, plagi inayotoka na miguu iliyobadilika rangi, mlio mdogo wa kukaanga ukutani usiku: hizo zote ni taarifa. Asiyezisikiliza ataambiwa kwa njia nyingine.

Nchi nyingine zimeshalipa ada ya somo hili, kwa hiyo hatuna sababu ya kulilipia upya. Marekani, kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, bei ya shaba ilipopanda, ilitandaza waya wa alumini katika nyumba kama milioni 2. Haukuwa waya wa kughushi. Uliuzwa kwa jina lake, kwa vipimo vikubwa zaidi vilivyofaa alumini, ukafungwa na mafundi wenye vyeti. Hata hivyo miguso ilianza kuungua. Tume ya nchi hiyo ya usalama wa bidhaa za walaji ilipofanya uchunguzi ilitangaza kwamba nyumba yenye waya wa alumini uliotengenezwa kabla ya 1972 ina uwezekano wa mara 55 zaidi ya nyumba ya shaba wa kuwa na kiungio kimoja au zaidi kilichofikia hali ya kuweza kuwasha moto. Mei 28, 1977, ukumbi wa starehe wa Beverly Hills Supper Club huko Southgate, Kentucky, uliteketea na watu 165 wakafa. Kesi za wahanga, zilizodai kwamba moto ulitokana na waya huo, ziliwaandama watengenezaji wa waya wa alumini kwa miaka. Mpaka leo tume hiyo inakubali njia chache tu za matengenezo ya kudumu: kung'oa waya wote na kuweka shaba, au kuunga kila ncha kwa kimojawapo cha viunganishi maalumu viwili inavyovitaja kwa majina, COPALUM na AlumiConn. Kusokota waya na kuuzungushia tepu hakumo kwenye orodha yao.

Kama hilo liliwapata wenye alumini halali, iliyopimwa, yenye maandishi ya kweli, sisi tuliovalishwa alumini kwa hila tuna ujasiri gani wa kulala?

Nitawaambia jinsi ya kuutambua waya huu, kwa sababu muuzaji hatawaambia. Kwanza, mkulima wa pamba ana silaha ambayo watu wa mjini hawana: anajua mizani. Hapa kwetu mtu haibiwi kilo kwenye mizani ya pamba akanyamaza. Basi atumie jicho lilelile dukani. Mita 100 za waya mmoja wa shaba wa 2.5 zina shaba ya kilo mbili na robo hivi, ukiacha gamba. Alumini ya ujazo huohuo haifiki robo tatu ya kilo. Roli la kweli ni zito mkononi; la uongo ni jepesi hata mtoto atasema. Muuzaji anayekataa waya wake upimwe amejishitaki mwenyewe. Pili, kwangua ncha kwa kisu au wembe. Shaba ni nyekundu nje mpaka kiini. Alumini iliyovikwa shaba itakuonyesha weupe upesi sana, na ukiikata kwa mshazari utauona mduara mweupe wenye ukingo mwembamba mwekundu. Tatu, ikunje na kuikunjua mahali pamoja. Shaba huvumilia, hii hukatika mapema. Sumaku haisaidii hapa, maana haishiki shaba wala alumini, ingawa ikishika waya wako ujue umeuziwa chuma, na hilo ni balaa lingine.

Tahadhari moja kwa wenye majengo ya zamani sana. Nyaya za kale za gamba la mpira zilikuwa za shaba iliyopakwa bati, kwa hiyo nje zilionekana nyeupe. Ukizikwangua, chini yake ni wekundu. Hizo shaba yake ni halali, ila gamba lake limezeeka na linapaswa kuondolewa kwa sababu hiyo. Weupe nje na wekundu ndani ni bati juu ya shaba. Wekundu nje na weupe ndani ni alumini.

Je, kama tayari imo ndani ya ukuta? Itoke. Sitaki kuwafariji watu kwa njia za katikati. Vile viunganishi vya Marekani vilibuniwa kwa waya wa alumini tupu wa vipimo vinavyojulikana, na fundi aliyefunzwa kuvitumia. Waya wa kughushi usiojulikana unene wake hauponi kwa kiunganishi, kwa sababu ugonjwa umeenea urefu wote. Nyumba nyingi za hapa zilipitishiwa paipu ukutani, na hiyo ni bahati: waya mpya unaweza kuvutwa bila kubomoa. Fundi asiutegemee ule wa zamani kama kamba ya kuvutia, maana hukatika katikati. Atumie springi ya kuvutia waya. Pasipo na paipu, waya wa shaba upite juu ya ukuta ndani ya tranki ya plastiki. Haipendezi? Inapendeza kuliko majivu.

Na fedha ikiwa haitoshi kwa mara moja, anzia kwenye soketi. Taa za siku hizi za LED huvuta wati chache, mkondo wake ni mdogo mno, na joto la kwenye mguso huongezeka kwa mraba wa mkondo. Kwa hiyo saketi ya taa si ya kuachwa milele, lakini inaweza kungoja mavuno yajayo. Saketi ya soketi isingoje. Izimwe kwenye breka leo, na jagi, pasi, friji ya vinywaji na mashine ya kuchomelea visitumike hapo mpaka waya ubadilishwe. Na pamba isilale chumba chenye soketi hiyo hata usiku mmoja.

Nimeshawasikia wanaosema kwamba shaba ni ya matajiri, na maskini akikatazwa waya wa bei ya chini atabaki gizani. Hoja hii hunikasirisha kuliko zote, kwa kuwa husemwa kwa sauti ya huruma na watu wanaofaidika. Maskini hatakiwi kuchagua kati ya giza na moto. Nyumba ya vyumba viwili haihitaji soketi nane. Inahitaji mbili zilizofungwa kwa shaba, na taa zake, na ethi iliyozikwa sawasawa. Kwa nyumba ndogo zaidi REA ilileta kifaa cha UMETA, umeme tayari, kinachomwezesha mtu kuwa na taa na soketi bila kutandaza waya nyumba nzima. Mwenye uwezo mdogo apunguze idadi ya soketi. Asipunguze shaba. Rahisi hii ni ghali ambayo hulipwa mara moja, usiku, kwa kila kitu.

Kwa mafundi nina neno kali, na nalisema nikijua wapo wengi waaminifu ambao hunyang'anywa kazi na vishoka wasio na leseni kila siku. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 na kanuni za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, zinataka kazi ya umeme ifanywe na mwenye leseni, kwa daraja lake. Lengo ni kwamba mtu anayeweka muhuri kwenye fomu na mchoro wa nyumba awe ameiona nyumba hiyo, ameufunga waya huo, na anaweza kuulizwa. Muhuri uliokodishwa, uliogongwa juu ya kazi ya mtu mwingine kwenye kijiji ambacho mwenye muhuri hajakanyaga, ni saini ya uongo juu ya uhai wa watu. Na fundi yeyote aliyewahi kumenya waya kwa koleo anajua alumini anapoiona. Koleo humwambia. Anayeendelea kuufunga baada ya kuuona weupe hawezi kujificha nyuma ya muuzaji. Ameshiriki.

Kwa wenye mamlaka sina haja ya kuomba sheria mpya, maana zilizopo zinatosha. Shirika la Viwango, TBS, lina Sheria ya Viwango ya mwaka 2009 na lina ofisi Mwanza. Tume ya Ushindani ina jukumu la kupambana na bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, sheria iliyoanza kabla ya wengi wetu kuzaliwa. EWURA inatoa leseni na inaweza kuzifuta. TANESCO, shirika la umeme, humtuma mtu wake nyumbani kabla ya kuwasha umeme. Ninachodai ni kwamba nguvu hizo zote zifike dukani Kasoli, Dutwa, Bariadi mjini, siku ya gulio, kwa mizani na kisu. Ukaguzi unaoishia bandarini na Kariakoo haujamgusa mkulima. Mtumishi anayekuja kupima nyumba kabla ya kuunganisha afungue soketi moja, moja tu, akwangue waya, aandike alichokiona. Ni kazi ya dakika chache. Akikuta alumini, umeme usiwashwe, na mwenye nyumba apewe maandishi ya kwenda nayo kumdai aliyemuuzia. Mwagizaji wa mzigo apatikane kwa kufuata risiti kurudi nyuma, kutoka duka la kijijini hadi kontena. Mwenye duka dogo anaweza kuwa naye alidanganywa. Aliyeagiza kontena hakudanganywa na mtu.

Na viongozi wa AMCOS wangeweza kuanza hata kesho, bila kungoja barua ya mtu. Wana ghala, wana mizani, wana mikutano ya wanachama inayojaa. Wapime roli la waya mbele ya wanachama kama wanavyopima pamba. Ghala lenyewe liwe la kwanza kukwanguliwa nyaya zake.

Gari la zimamoto likiitwa kwa namba 114 litatoka mbali, na pamba haisubiri. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kasoli, kabla mzigo wa msimu huu haujaingia ndani, mwite fundi mwenye leseni, mwambie akuonyeshe leseni hiyo, azime meni swichi na kufungua soketi ukiwa umesimama hapo. Akwangue waya mbele yako. Ukiona weupe chini ya wekundu, kata kipande cha urefu wa mkono, kifunge pamoja na risiti, kipeleke kwa mtendaji wa kata na udai kiandikwe na kifikishwe TBS. Ukimya wetu ndio unaomlipa yule tapeli. Usiku huohuo hamisha pamba, uzime saketi ile, na usiiwashe tena mpaka shaba iwe imeingia ukutani.